Yaya, hii motoka ya kuran ninunue ao niiache?

Jambo Yaya,

Miye niko mama ya batoto tatu, tunaikala Bel-Air, komini ya Kampemba, mu Lubumbashi, niko na butiki kidogo ku vili ninauzishaka bilamba na mafuta ya kujipakala. Asubui ninapeleka batoto ku masomo, kiisha ninaenda ku butiki, mangaribi ninabarudisha, na kila wiki mbili hivi ninaenda Kasumbalesa, ku mupaka na Zambia, kuchukua bintu. Bwana yangu anatumika ku mine upande wa Likasi, anarudiaka ku wikendi. Motoka yetu ni Toyota ya zamani ya esansi, iko inakula sana, na wakati esansi inapandaka bei ao inapoteaka ku mastasio, butiki inatumika paka juu ya kulipa motoka.

Sasa shemeji yangu iko Dar es Salaam, yeye anatoshaka mamotoka ku bandari na kuituma huku. Amenitumia mapicha ya Nissan Leaf ya 2013, nyeupe, ndani safi kabisa, na bei iko chini kuliko Toyota IST ya mwaka ile ile. Anasema shemeji, hii haikunywe hata tone ya esansi, usiku unaitia ku prizi, asubui unaenda. Nilimuomba picha ya tablo, nikaona kuko mabare kidogo kidogo ku upande ya kuume, nilihesabu 8, yeye anasema ile haina neno.

Bwana yangu hataki kabisa, anasema itakuwa motoka ya kuangalia mu lupango. Muloko yangu ya Kolwezi anasema niache mambo ya Leaf, nijikaze nichukue ya Bachina mupya. Miye sijue nimusikilize nani. Kuran ku kwetu inakujaka usiku, kama saa ine, inaendaka mbele ya jua kutoka, kuko masiku haikuje kabisa, na hata ikikuja mara mingi nguvu iko kidogo, maampule inakuwa nyekundu. Tuko na grupu kidogo ya esansi. Shemeji anataka avansi ku mwisho ya mwezi, asema kuko batu bengine banaitaka. Yaya nisaidie, makuta iko ya kwangu na haiko mingi.

Mama ya Bel-Air

Mama, jambo sana, na pole na hii presha ya mwisho ya mwezi.

Nianze na jibu juu najua unaingoja: ile avansi usiitume. Sisemi motoka ya kuran ni mubaya, hapana, mi naipenda na ninaona siku moja muji yetu itajaa nayo. Ninasema ile Leaf, yenye ile mabare 8, haiwezi kufanya ile kazi weye unataka ifanye, na nitakuonyesha juu ya nini.

Ile mabare ulihesabu njo afya ya batri. Batri ya Leaf ikiwa mupya inaonyesha mabare 12. Bare ya kwanza inaangukaka wakati batri imepoteza kama 15 ku mia ya nguvu yake, kiisha zile zingine inaanguka moja moja kila inapopoteza kama 6 ingine. Ukifika 8, batri imebakia na kama 60 na kitu ku mia. Nissan yenyewe, mu garanti yake ya zile Leaf, ilikuwa inasema batri ikishuka chini ya mabare 9 mbele ya garanti kwisha, inapashwa kutengenezwa ao kubadilishwa. Kumaanisha ile shemeji anasema haina neno, mwenye kuitengeneza alikuwa anaihesabu kama kilema. Sisemi shemeji anakudanganya, pengine hata yeye hajue, batu mingi benye kuuzisha mamotoka banajua moteri na pine, batri ya hivi bado hawaijue.

Sasa tuhesabu pamoja. Leaf ya 2013 ilitoka na batri ya kilowati-saa 24 (kilowati-saa njo kipimo ya kuran yenye batri inabeba), na hata ikiwa mupya haikuache uitumie yote, unapata kama 21 ao 22. Toa sasa ile yenye kupotea, unabakia na kama 13 ao 14. Leaf inakula kama kilowati-saa 15 paka 17 ku kilometa 100, ukiiendesha na akili. Kwa hiyo batri ikijaa kabisa uko na kilometa 80, na ukitia batoto tatu na klima na ile mashimo yetu, sema 70. Kasumbalesa iko kilometa karibu 95, kwenda tu, bila kurudi. Hautafika. Utasimama mu barabara katikati ya makamio ya shaba, na motoka ya kuran haiongezewe na bidon.

Na angalia hii ingine, mama, batu mingi hawaifikirie. Mamotoka yenye kutoka Dar, mara mingi shofere anaiendesha yeye mwenyewe, Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Ndola, paka Kasumbalesa, ni kilometa karibu 2000. Hii Leaf itaendeshwa namna gani? Haiwezekane, inapashwa kupanda juu ya kamio. Ulizia shemeji kama ile bei alikupatia inahesabu kamio, na inahesabu kamio paka wapi, juu ikishushwa Kasumbalesa hata kufika Bel-Air haitaweza yenyewe. Kwa hiyo ile bei ya chini kuliko IST, ukimaliza kuongeza kamio na dwane, pengine haitakuwa chini tena.

Tuache hiyo motoka sasa, tuongee kuran, juu kwangu miye hii njo kintu ya kwanza, mbele hata ya kuangalia mapicha. Mutu anayenunua motoka ya esansi hajiulize stasio iko wapi. Ya kuran, stasio ni nyumba yako, ni kontere yako na ile waya inaingia mu ukuta.

Mama, ile kuran yako ya usiku haiko mubaya vile unafikiri, kwa kazi ya vili. Prizi ya kawaida ya volti 220 ukivuta ampere 10 inatoa kama kilowati 2 na kidogo. Toka saa ine ya usiku paka asubui mapema ni masaa kama 7, ukitoa yenye kupotea mu njia unaingiza kilowati-saa 13 hivi, njo kilometa karibu 80. Bel-Air, masomo, butiki, kurudi, hata ukizunguka sana haufike kilometa 40 ku siku. Kwa hiyo kwa maisha yako ya kila siku usiku moja ya kuran inatosha siku mbili. Bwana yako kusema itakuwa motoka ya kuangalia, hapo hana haki yote.

Lakini kuko mambo mbili yenye inanitisha ku barua yako. Ya kwanza ni ile ampule nyekundu. Volti ikishuka sana, chaja ya motoka inajikinga, inakata, inajaribu tena, inakata, asubui unakuta batri iko pale pale uliiacha. Kununua stabilizatere, ile ya kusawazisha volti, ya kubeba kilowati 2 ao 3 masaa 7 mufululizo haiko sawa na ile kidogo ya televizio, ni bei. Nunua kwanza ile kamashini kadogo kanapimaka volti, kanatiwaka ku prizi na kanaonyesha namba, bei yake ni kidogo sana ku soko. Andika mu kaye kila usiku: kuran imekuja saa ngapi, imeenda saa ngapi, volti ngapi wakati majirani bote banapika. Fanya vile mwezi muzima, na usifanye paka mu kiangazi, fanya na mu mvua. Ukiona volti inaikala juu ya 200 usiku mingi, ni muzuri. Ukiona 160, 170, ile haiko nyumba ya motoka ya kuran, hata wakupatie ya bure.

Ya pili ni tere. Kable ya kusharje, mbele ya kuruhusu kuran ipite, inaangalia kama prizi iko na waya ya tere ya kweli yenye kuingia mu udongo. Nyumba mingi zetu prizi iko na tundu tatu lakini ile ya tere haifike fasi yoyote, imefungwa tu ku ukuta. Kable itawasha taa nyekundu na itakataa, na batu batasema motoka imekufa kumbe ni nyumba. Lomba elektrisie, wa kweli, si kijana wa kuunga mawaya ku kona, akutilie tere, disjonktere yake peke yake, na waya munene toka ku kontere paka fasi motoka italala. Na usisharje na ralonje. Ukimaliza kutengeneza, usiku ya kwanza ngoja kama nusu saa, kiisha gusa prizi na mukono. Ikiwa vuguvugu haina neno. Ikiwa moto ya kukufanya utoshe mukono, zima, juu ile inaweza kuchoma nyumba na batoto bako ndani.

Angalia tena ile kable yenyewe. Nyumba za Japani ziko na volti 100, na hata zile kable ya 200 hailingane na prizi zetu. Soma maandishi ku kasanduku ya kable mbele ya kuitia ku 220, ikiwa haisome 200 paka 240 usijaribu.

Grupu. Naona uliiandika kama musaada, lakini sikiliza. Grupu kidogo ya esansi inakula kama nusu litre kwa kilowati-saa moja. Kilometa 100 inataka kilowati-saa 16, ile ni litre 7 ao 8 ya esansi, sawasawa na Toyota yenye kula sana. Umenunua motoka ya kuran na uko unaiendesha na esansi, na kelele juu, na majirani hawalale. Grupu ni ya siku ya shida kabisa, isiingie mu hesabu.

Na pano solere? Jua tuko nayo, toka mwezi wa tano paka wa tisa anga iko wazi. Pano 10 ya wati 500, ku jua muzuri inatoa kilowati-saa 20 ku siku, ya kutosha kabisa. Shida ni moja, wakati jua inawaka motoka yako iko imesimama mbele ya butiki ku vili. Pano iko Bel-Air. Utapashwa kununua na batri za kuweka ile kuran paka usiku, na hapo bei inapanda haraka. Kama ungekuwa mutu wa kutumika ku nyumba ningekuambia anza na pano leo.

Sasa muloko yako na motoka ya Bachina. Hana makosa. Mingi kati yake, kama BYD, iko na batri ya LFP, ile ya chuma na fosfati. Haina kobalti hata kidogo, na sisi tunaona kila siku makamio ya kobalti inapita, watu banafikiri batri yote ya dunia inataka kobalti yetu, haiko vile tena. Ile LFP inavumilia, hauogope kuijaza 100 ku mia, inadumu myaka mingi, na batri iko na mambo ya kuipoza, hizi Leaf tunaongelea hazina, batri yake inapozwa na hewa tu na joto njo inaiua. Lakini ukinunua ile yenye ilitengenezwa kwa soko ya China, tundu ya kusharje iko ya Kichina, maandishi ya ekran Kichina, na garanti ya China haivuke mupaka. Muloko aulizie muuzaji maswali mbili tu: garanti ya batri iko kwa maandishi na nani hapa Katanga anaitengeneza, na pieces inatoka wapi. Muuzaji akijibu "haina shida" bila jina ya garaje, basi hana.

Juu ya mamekanisie, siwezi kuipita haraka. Motoka ya kuran haina mafuta ya moteri, haina bujì, frene inadumu juu moteri yenyewe inapunguza mbio, ile yote ni faida ya kweli. Pine njo inaisha mbio, juu motoka iko na uzito. Lakini chini ya kapo kuko mawaya ya rangi ya machungwa, ile iko na volti zaidi ya 300, na inaua. Mekanisie ya kawaida, hata akiwa fundi namna gani ku Toyota, asiiguse. Na ikikufia mu barabara usikubali baikokote na kamba, magurudumu ya mbele ya Leaf hayapashwe kuzunguka wakati inakokotwa, inapashwa kunyanyuliwa. Kuko tena batri kidogo ya volti 12 kama ya motoka zote, ile ikikufa motoka haiwake hata batri mukubwa imejaa, na batu mingi banaliliaka batri mukubwa bure kumbe ni ile kadogo.

Mambo ya mvua. Watu banaogopa maji na batri. Batri imefungwa muzuri, mvua haiko adui. Adui ni mawe. Batri imelala chini ya motoka yote na Leaf iko karibu na udongo, kama sentimeta 16. Zile njia za Bel-Air mwezi wa kwanza wakati maji imekula katikati, unazijua kuliko miye. Pitia njia yako na muguu, uangalie fasi gani Toyota inagusaka chini. Kama inagusa, Leaf itagusa na batri.

Na volan. Ya Japani iko na volan ya kuume na sisi tunatembea kuume. Naona hazikose mu muji, lakini ulizia ku dwane mbele ya kulipa, motoka ya myaka ngapi na volan gani inaingia leo, na ushuru ya ya kuran ni ngapi, usikubali jibu ya mudomo ya mutu wa kati.

Basi kama ningekuwa weye, mama. Toyota ningeibakisha kwa Kasumbalesa, ao ningeiuzisha na kwenda na bisi, bintu ikifuata na motoka ya mizigo, juu kwa kilometa 190 ya kwenda na kurudi hata Leaf mukubwa utakuwa unaangalia tablo roho juu. Mwezi huu ningeanza kupima volti. Volti ikiwa sawa, ningelomba shemeji atafute Leaf ya kilowati-saa 40, ile ilianza kutoka 2017, yenye mabare 11 ao 12. Mupya ile inaenda kilometa 240 hivi, hata ikizeeka itakuzungusha mu vili bila wasiwasi. Na asikutumie picha ya mabare peke yake, juu kuko bauzaji bajanja banafuta ile kumbukumbu ya batri na mabare 12 inarudia kwa muda, kiisha inaanguka tena. Alombe mutu aweke kale kachombo ka OBD, kenye kusoma kompyuta ya motoka, na programu ya LeafSpy ku telefone, kanaonyesha namba ya SOH, afya ya batri ku mia. Ikiwa chini ya 80 aache. Kiisha aiendeshe kilometa 30 toka imejaa, apige picha ya ekran mwanzo na mwisho. Leaf ya 40 yenye afya haipashwe kula zaidi ya 15 ao 16 ku mia ya batri yake mu hiyo safari.

Na kama ni lazima mubakie na motoka moja tu kwa kila kitu, masomo, butiki na Kasumbalesa, basi mi ningechukua hibridi, ile yenye moteri ya esansi na ya kuran pamoja, Toyota Aqua ao Prius ya kawaida. Ile haitiwe ku prizi, inakunywa esansi lakini kidogo, kama litre 4 ao 5 ku kilometa 100, na barabara ya Dar inaimaliza na moteri yake yenyewe. Batri yake pia inazeekaka, ulizia vile vile.

Shemeji mwambie tu kwamba unangoja namba ya SOH. Kama ile motoka iko muzuri vile anasema, kuipima haimukatazi kitu. Na bwana yako akirudi Jumamosi, mukae naye na ile kaye ya volti mbele yenu, mwonyeshe usiku kwa usiku, yeye anatumika ku mine, manamba ataielewa mbio kuliko maneno.

Yaya